Dira ya ndege ndogo inapodanganya: dalili, chanzo na marekebisho

Skrubu mbili za kusawazishia zilizo usoni mwa dira zinapaswa kuguswa mwisho kabisa, lakini kwa kawaida ndizo zinazoguswa kwanza. Ndege inaletwa na malalamiko kwamba dira imehama, fundi anazungusha skrubu mpaka kaskazini ikae sawa, kisha kusini inatoka na kosa kubwa kuliko la mwanzo. Skrubu hizo haziondoi tatizo lolote. Kazi yake ni kusogeza sumaku ndogo zinazopingana na usumaku uliomo ndani ya ndege, basi. Kama hujajua usumaku huo umetoka wapi, unachofanya ni kuufunika, na siku chanzo chake kikiondolewa au kikihamishwa dira inaharibika upya.

Maelezo haya yanahusu dira ya kioevu, ile yenye kadi inayoelea, inayoning'inia katikati ya kioo cha mbele au kukaa juu ya dashibodi katika ndege kama Cessna 172, 182 na 206. Kikomo kinachotumika kwa ndege nyingi za kundi hili ni mkengeuko, yaani tofauti ya uelekeo halisi wa kisumaku na namba ya dira, usiozidi digrii 10 kwa uelekeo wowote, ndege ikiwa sawa na injini ikifanya kazi. Hicho ni kikomo cha sheria, si cha kujivunia. Dira iliyofungwa vizuri katika ndege safi hubaki ndani ya digrii 3 au 4. Ikifika 8, hata kama karatasi inaruhusu, kuna kitu cha kutafutwa. Marekebisho yenyewe na saini ni vya fundi mwenye leseni ya TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) inayomruhusu kufanya kazi hiyo, ila sehemu kubwa ya uchunguzi rubani anaweza kuifanya bila kufungua hata skrubu moja.

Hakikisha kwanza kwamba kosa ni la dira

Malalamiko mengi huanzia kwenye GPS. Rubani anatoka Dodoma kwenda Iringa, safari ambayo ni kusini karibu moja kwa moja, GPS inaonyesha 180 na dira inaonyesha 169. Anaandika kwenye kitabu cha ndege kwamba dira imekosea digrii 11. Lakini GPS inaonyesha njia ambayo ndege inapita juu ya ardhi, na dira inaonyesha pua inatazama wapi. Wakati wa kiangazi pepo za mashariki na kusini mashariki huvuma kwa nguvu juu ya uwanda huu. Upepo wa noti 20 (maili za baharini kwa saa) ukitoka ubavuni, kwa ndege yenye kasi ya noti 100, unamlazimu rubani kuelekeza pua digrii 11 na nusu upande wa upepo ili asipeperushwe. Dira hiyo haina kosa lolote. Ukitaka kulinganisha na GPS angani, fanya alfajiri hewa ikiwa imetulia, na hata hapo uchukulie jibu kama fununu tu.

Namba ya njia ya kurukia nayo si kipimo. Njia ya Dodoma ni 09/27, na maana ya 09 ni kwamba uelekeo wake umekadiriwa hadi kumi iliyo karibu. Unaweza kuwa 086 au 093. Tumia uelekeo kamili ulioandikwa kwenye taarifa rasmi za kiwanja, na uhakikishe kama ni wa kisumaku au wa kaskazini ya kweli. Katikati ya Tanzania tofauti ya kaskazini hizo mbili ni ndogo sana, kiasi kwamba watu wengi wameacha kuiwazia. Hilo linaleta uzembe mdogo: GPS iliyopangwa kuonyesha kaskazini ya kweli inaweza kukaa hivyo miaka bila mtu kugundua, kisha ikatumika kurekebishia dira.

Kisha kuna vitabu. Vingi vya mafunzo vimeandikwa kwa ajili ya marubani wa kaskazini mwa dunia, na kanuni zake za kosa la kugeuka na la kuongeza kasi huku kwetu zinageuka. Ukiondoka kwa njia 09, ndege ikishika kasi utaona namba zikipanda kuelekea 100 ingawa pua haijapinda. Ukipunguza kasi ukielekea mashariki au magharibi, dira inavutika kaskazini. Ukianza kugeuka ukiwa unatazama kaskazini, dira inatangulia ndege. Ukiwa unatazama kusini, inachelewa au hata inaanza kwa kuonyesha upande usio wake. Rubani aliyekariri kanuni ya kaskazini ataapa kwamba dira ni mbovu. Soma dira ndege ikiwa sawa, kasi haibadiliki, angalau kwa nusu dakika.

Kadi imeinama upande mmoja

Uga wa sumaku ya dunia hapa Dodoma haulali sawa na ardhi. Umeinama kwa digrii 30 na kitu, na kwa kuwa tuko kusini ya ikweta ya kisumaku, ncha inayotafuta kusini ndiyo inayovutwa chini. Ndege ikitazama kaskazini, upande wa kadi ulio karibu na rubani unashuka. Ikitazama kusini, unapanda. Ikitazama mashariki, kadi inalala upande wa kulia. Mwinamo mdogo wa namna hiyo ni wa kawaida.

Mwinamo mkubwa una chanzo kimoja kinachojirudia: dira iliyosawazishwa kwa ajili ya kaskazini mwa dunia. Kule ncha ya kaskazini ndiyo inayovutwa chini, kwa hiyo mtengenezaji anaongeza uzito kidogo upande wa kusini wa kadi. Ukiileta dira hiyo hapa, uzito na mvuto wa sumaku ya dunia vinakuwa upande mmoja, na mwinamo unajumlishwa badala ya kufutwa. Kadi inaweza kugusa ukuta wa ndani ndege inapolala kidogo tu wakati wa kugeuka, ikasimama, halafu ikaruka ghafla. Ndege zilizonunuliwa Marekani au Ulaya zikiwa na dira yake ya zamani ndizo zenye ugonjwa huu. Hakuna skrubu ya kuutibu. Unapoagiza dira, sema wazi kwamba inahitajika kwa kusini mwa dunia au kwa ukanda wa karibu na ikweta. Watengenezaji wanaojulikana wanazo. Ukinyamaza utaletewa ya kaskazini, na bei ni ileile.

Lakini kabla ya kuagiza, angalia kwamba kishikizo chenyewe kimekaa sawa. Nguzo ya dira lazima isimame wima ndege ikiwa katika mkao wa kuruka, si mkao wa kuegeshwa. Kwa ndege ya gurudumu la mkia, hiyo ina maana kuinua mkia na kuuweka juu ya kigoda cha mbao kabla ya kupima chochote.

Povu, kioevu cha njano, kadi nzito

Dodoma ni zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na ndege iliyofungwa milango juani inaweza kupita nyuzi joto 50 ndani. Kioevu kinapanuka mchana, kinasinyaa usiku, na kiwambo cha kupanukia kilicho nyuma ya dira kinafanya kazi kila siku. Kiwambo kikichoka au gasketi ikikauka, kioevu kinatoka kidogo kidogo na povu linaonekana juu ya kioo. Povu dogo linalojificha juu haliharibu usomaji. Povu linalofika kwenye namba, au linalokua wiki hadi wiki, ni dalili ya uvujaji.

Usiongeze mafuta ya taa ya dukani wala spiriti. Kioevu cha dira ni mafuta mepesi yaliyosafishwa kwa kipimo maalumu, na kwa dira nyingi za leo ni kile cha kipimo cha MIL-PRF-5020. Mafuta ya taa ya kawaida yana uchafu na rangi. Spiriti inaweza kula rangi ya kadi na namba zikaelea kama vumbi. Zipo dira za kizamani zilizotengenezwa kutumia alkoholi, na hizo nazo zinaharibika ukizijaza mafuta. Soma kibandiko kilicho nyuma. Kama hakisomeki, iende karakana ya vyombo vya ndege.

Kujaza kwenyewe: ondoa dira, iweke tundu la kujazia likiwa juu, tumia bomba la sindano safi, jaza polepole huku ukiitikisa taratibu mapovu yatoke, kisha iache saa kadhaa na uongeze tena. Fanya hivyo kwenye joto la kawaida la chumba. Ukijaza asubuhi ya baridi ya Julai mpaka pomoni, jua la mchana litatafuta mlango, na litaupata kwenye gasketi uliyoibadilisha jana. Kioevu kilichogeuka njano au kahawia kinamwagwa chote. Kuongezea juu yake hakusaidii.

Kadi inayokwama hupimwa hivi: ndege ikiwa imesimama na injini imezimwa, soma namba, sogeza kipande kidogo cha chuma karibu mpaka kadi igeuke kama digrii 10, kiondoe mbali haraka, uone inarudi wapi. Rudia upande wa pili. Irudi ndani ya digrii 1 au 2 za mwanzo. Ikibaki nje ya hapo mpaka uigonge kwa kidole, ncha inayobeba kadi au kikombe cha kito inamozungukia kimechakaa. Mtetemo wa injini huficha ugonjwa huu, ndiyo maana unapimwa injini ikiwa imezimwa. Tiba yake ni karakana au dira mpya. Kadi inayocheza au kuzunguka injini ikiwa kwenye kasi fulani tu ina sababu nyingine: kishikizo kimelegea, mipira ya kuzuia mtetemo imekufa, au kioevu kimepungua.

Mkengeuko: soma umbo lake kabla ya kutafuta chanzo

Mkengeuko tunauhesabu hivi: uelekeo halisi wa kisumaku kutoa namba ya dira. Dira ikisoma pungufu, mkengeuko ni chanya. Chukua mfano wa ndege iliyopimwa pande nne:

Kaskazini 000, dira 355: +5
Mashariki 090, dira 092: −2
Kusini 180, dira 179: +1
Magharibi 270, dira 262: +8

Kwa macho ni fujo. Igawe sehemu tatu na kila sehemu itakuambia pa kwenda.

Wastani wa zote nne: 5 − 2 + 1 + 8 ni 12, gawa kwa 4 unapata +3. Hili ni kosa lililo sawa pande zote, na kosa la namna hiyo kwa ndege ndogo karibu kila mara si la sumaku. Ama dira imefungwa ikiwa imepinda kidogo kwenye kishikizo chake, ama kipimo ulichotumia nje kilikuwa na kosa hilohilo. Skrubu za kusawazishia haziwezi kuligusa. Dawa yake ni kuigeuza dira yenyewe: ikiwa inasoma pungufu, igeuze kwa mwelekeo wa saa ukiitazama kutoka juu, yaani kioo kinachomtazama rubani kisogee kushoto kwake. Digrii 3 ni mwendo mdogo sana kwenye kishikizo. Kipande chembamba cha plastiki au shaba chini ya mguu mmoja kinatosha.

Nusu ya tofauti ya mashariki na magharibi: (−2 − 8) ÷ 2 ni −5. Huu ni usumaku unaovuta mbele au nyuma ya ndege: injini, nguzo za injini, vyombo vya dashibodi. Unarekebishwa kwa skrubu yenye alama ya mashariki na magharibi.

Nusu ya tofauti ya kaskazini na kusini: (5 − 1) ÷ 2 ni +2. Huu unavuta kulia au kushoto: spika, kishikio cha simu, bawaba ya dirisha, bomba la chuma upande mmoja wa kioo. Skrubu yake ni ya kaskazini na kusini.

Thamani ikiwa kubwa, weka bisibisi chini uanze kusaka. Kishikio cha simu chenye sumaku ndicho mshukiwa wa kwanza siku hizi, pamoja na jalada la tableti linalojifunga kwa sumaku na kutupwa juu ya dashibodi. Vipokea sauti vya masikioni vina sumaku ndani na watu huvitundika kwenye kishikizo cha dira chenyewe. Baada ya hapo angalia skrubu za kishikizo. Zinatakiwa kuwa za shaba au za chuma kisichoshikwa na sumaku, na moja ikipotea, aghalabu huwekwa ya chuma ya kawaida iliyopatikana karibu. Chuma cha pua nacho si cha kuaminika kwa jina tu; baadhi ya skrubu zake hushikwa na sumaku kwa jinsi zilivyoviringishwa kiwandani. Zijaribu mbali na ndege. Vijiti vya kivuli cha jua, kipimajoto cha hewa ya nje na skrubu za ukanda wa katikati ya kioo vyote viko karibu sana na dira ya Cessna, kwa hiyo vikaguliwe kimoja kimoja.

Inabadilika ukiwasha kitu

Waya wenye umeme hutengeneza uga wa sumaku unaoweza kuhesabiwa. Ampia 1 kwenye waya mmoja uliopita sentimeta 10 kutoka kwenye dira hutoa mikrotesla 2. Nguvu ya mlalo ya sumaku ya dunia hapa ni karibu mikrotesla 28, kwa hiyo ampia hiyo moja, ikielekea vibaya, inapindisha kadi digrii 4. Kipasha joto cha mrija wa kasi ya hewa kinachokula ampia 10, waya wake ukipita sentimeta 30, kinaweza kupindisha digrii 13.

Utaratibu: injini ikifanya kazi na alteneta ikichaji, soma dira. Washa kimoja, soma, zima, nenda kingine: taa ya kutua, taa za mabawa, kipasha joto, redio kila moja, transponda, chaja ya USB, na taa ya dira yenyewe. Hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika, nayo iko ndani ya dira. Fanya zoezi lote ukitazama kaskazini, kisha ukitazama mashariki, kwa sababu waya unaoharibu upande mmoja unaweza usionekane kabisa upande mwingine.

Taa ya dira ikiisukuma kadi, waya wake wa kwenda na wa kurudi haviko pamoja. Mtu amepeleka waya mmoja na kurudisha umeme kupitia kishikizo au fremu. Waya mbili zisokotwe pamoja tangu swichi hadi kwenye taa, uga wa moja unafuta wa mwenzake. Dawa ni hiyohiyo kwa nyaya nyingine za karibu, au zihamishwe. Kama kifaa hakihamishiki na kinapitisha digrii 10, sharti kibandiko kilicho karibu na dira kikitaje kwa jina.

Pa kuizungushia ndege

Ili kupima na kusawazisha dira, ndege huzungushwa ardhini na dira kusomwa kila upande. Eneo lililo mbele ya hanga halifai. Mabati, nguzo za chuma, tanki la mafuta, uzio, nondo ndani ya zege na nyaya za ardhini vyote vinavuta. Nenda angalau meta 100 kutoka kwenye majengo, kwa ruhusa ya mnara. Viwanja vya changarawe nyekundu mikoani navyo havina dhamana: udongo huo una chuma ndani yake, na mwamba ulioonja radi unaweza kuwa na usumaku mkali sehemu moja na kukosa kabisa hatua chache mbele. Mkoa wenye miamba mingi kama huu, ardhi hupimwa, haikisiwi.

Chukua dira nzuri ya mkononi ya kulenga, chagua alama ya mbali sana kama kilele cha kilima kilometa kadhaa, usome uelekeo wake. Sogea hatua 10 kuelekea kilima hichohicho kwenye mstari uleule, usome tena, na tena, mpaka umalize eneo ambalo ndege itazungukia. Zikitofautiana zaidi ya digrii 1, hama. Isome pia ukiwa umechuchumaa. Ikibadilika, kuna chuma chini.

Kuzungusha

Ondoa ndani ya ndege kila kisichokuwemo wakati wa safari, na urudishe kila kinachokuwemo. Fimbo ya kukokotea itoke, magurudumu yazuiwe kwa mbao. Milango ifungwe, mafuta yawemo. Redio ziwe zimewashwa kama zinavyokuwa angani, injini kwenye mzunguko ambao alteneta inachaji.

Msomaji wa nje asimame meta 15 hadi 20 nyuma ya mkia, mbali na propela, akilenga mkia na pua kwenye mstari mmoja. Akisimama mbele, aongeze au aondoe 180. Asiwe na simu, funguo, redio ya mkononi, kisu, wala mkanda wenye kifungo cha chuma. Miwani yenye fremu ya chuma pia inatosha kuharibu kazi ya asubuhi nzima.

Bisibisi iwe ya shaba au ya plastiki ngumu. Mafundi wengi huchonga kipande cha fimbo ya shaba ya kuchomelea kwa tupa, na kinafaa kabisa. Ijaribu: ipeleke karibu na dira; kadi ikitikisika, hiyo si ya kazi hii.

Rudisha skrubu zote mbili katikati, nukta ya skrubu ikitazamana na nukta ya kasha. Elekeza ndege kaskazini, zungusha skrubu ya kaskazini na kusini mpaka dira isome 000. Geuza mashariki, kwa skrubu nyingine ifanye isome 090. Geuza kusini na uondoe nusu tu ya kosa utakalolikuta. Magharibi, nusu tu. Ukiondoa lote kusini, umelirudisha kaskazini.

Ndege ya mfano wetu itafanya hivi: kaskazini inatoka +5 hadi 0, na kusini inapanda kutoka +1 hadi +6, ukiondoa nusu, zote zinakuwa +3. Mashariki inatoka −2 hadi 0, magharibi inashuka kutoka +8 hadi +6. Nusu, zote +3. Ukifika hapa pande zote nne zina +3, yaani lile kosa la kufungwa vibaya limebaki peke yake. Geuza dira digrii 3, kaza, na kazi ya skrubu imekwisha. Zisipolingana hivi, rudi kwenye uelekeo wa kwanza kabla ya kulaumu hesabu: mara nyingi msomaji wa nje hakuwa kwenye mstari.

Sasa zungusha ndege yote tena bila bisibisi, ukisoma kila digrii 30, jumla mara 12. Hizi ndizo namba zinazoandikwa.

Skrubu imefika mwisho na kosa halijaisha

Hapo ndege ina usumaku kuliko uwezo wa dira kujitetea. Ndege zenye kiunzi cha mabomba ya chuma huwa hivi baada ya kuchomelewa kwa umeme, kupigwa na radi, au kuegeshwa miezi mingi ikitazama upande mmoja. Tembeza dira ndogo ya mkononi taratibu kando ya kila bomba karibu na kioo. Sindano inapogeuka ghafla ndipo penye ncha ya sumaku.

Kuondoa usumaku kunafanywa kwa koili ya umeme wa volti 230, kama ile ambayo mafundi wa televisheni za zamani walitumia kusafisha rangi kwenye kioo. Ondoa kwanza dira na vyombo vingine vinavyodhurika, tenga betri. Washa koili ukiwa mbali, isogeze kwenye bomba, ipitishe polepole kwa duara ndogo, kisha iondoe polepole hadi meta 1 au zaidi ndipo uzime. Ukizima ikiwa bado karibu na bomba, umeliacha bomba na usumaku mpya, pengine mkali kuliko wa kwanza.

Kadi ya marekebisho

Ndege iliyokuja na kadi yake kutoka Ulaya ina kadi isiyo yake tena. Nguvu ya mlalo ya sumaku ya dunia London ni chini ya mikrotesla 20, hapa ni karibu 28, kwa hiyo usumaku uleule wa ndege unapindisha dira zaidi kule kuliko hapa. Tena uga wa wima kule unatazama chini na hapa unatazama juu, hivyo chuma laini kilichosimama wima kinaweza kuvuta upande wa pili kabisa. Izungushwe upya ikifika, kabla ya kuanza kazi. Vivyo hivyo baada ya kubadilisha injini, stata, alteneta au redio, baada ya kuchomelea kiunzi, na baada ya radi.

Kadi ina safu mbili: uelekeo unaotaka, na namba ya kuifuata kwenye dira. Ishara zikichanganywa hapa, kosa linaongezeka maradufu, kwa hiyo hesabu kwa sauti mbele ya mwenzako: namba ya kufuata ni uelekeo kutoa mkengeuko. Kwa 060 wenye mkengeuko +2, andika 058. Kwa 240 wenye −3, andika 243. Ongeza usajili wa ndege, tarehe, saini, na maneno yanayosema redio zilikuwa zimewashwa au zimezimwa. Iandikwe kwa wino usiofifishwa na jua, maana kadi inakaa kwenye kioo cha mbele, na nakala yake iwekwe kwenye kumbukumbu za matengenezo pamoja na namba zote 12 za kabla na za baada, ili mzungushaji wa mwaka kesho aone kosa limekua upande gani.